Ukingo wa lami ndio barabara ya mwendesha baiskeli

Kati ya Mingoyo, mkoani Lindi, na bandari ya Mtwara kuna barabara kuu moja inayobeba sehemu kubwa ya kile ambacho Kusini inauza na kununua. Korosho za Masasi na Nanyumbu hupita hapo zikielekea maghalani na bandarini. Makaa ya mawe ya Ruvuma hupita hapo pia, na tangu mwaka 2022, mahitaji ya makaa yalipopanda duniani, malori yake yameongezeka kiasi ambacho hakuna mkazi wa Mikindani asiyekijua. Saruji ya kiwanda cha Dangote, kilichoanza uzalishaji mwaka 2015, nayo hutoka kwa barabara hiyohiyo. Pembeni ya malori hayo, kwenye kipande cha lami kisichozidi upana wa mkeka, hupita mtu mwenye baiskeli aliyefunga kwenye keria nazi, muhogo, mkaa, madumu ya maji au tenga la samaki. Makala haya yanamhusu mtu huyo na upana huo wa mkeka, kwa kuwa naamini kwamba usalama wa baiskeli katika mkoa wetu, kabla haujafika kwenye kofia ngumu na semina za elimu, ni suala la ukingo wa lami.

Ardhi ya mwambao wetu ni ya mchanga. Mvua zikianza kati ya Novemba na Desemba, maji yanayotiririka kutoka juu ya lami hutafuta njia ya kushukia, na njia hiyo ni pale lami inapokutana na mchanga. Mwezi wa kwanza wa mvua mchanga hulika kidogo. Ikifika Machi, lami imebaki ikining'inia kama kizingiti cha nyumba ambayo sakafu yake ya nje imebomoka, na chini yake kuna shimo refu lililojaa mchanga laini. Mwenye gari haoni tatizo, kwa sababu magurudumu yake yapo katikati. Mwenye baiskeli anaishi juu ya kizingiti hicho, na kila honi inayopigwa nyuma yake ni amri ya kukiruka.

Kukiruka ukiwa na mzigo ni jambo ambalo haliwezekani kwa usalama, na hapa ndipo watunga mipango wengi wanapokosea hesabu, kwa kuwa humfikiria mtu aliyekaa juu ya baiskeli tupu. Dumu moja la maji ni lita 20, yaani kilo 20. Mtu wa vijiji vya uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa shida ya vizazi na vizazi, hufunga madumu manne na pengine zaidi. Hizo ni kilo 80, sawa na mtu mzima mwenye mwili, zilizowekwa nyuma na juu ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Baiskeli ya namna hiyo hugeuka polepole na haisimami ghafla. Gurudumu la mbele huwa jepesi, hivyo likiingia kwenye mchanga hugeuka lenyewe, na usukani hauna tena kazi. Upana wake nao si wa baiskeli tupu, kwa sababu madumu au magunia yaliyofungwa ubavuni huifikisha karibu mita moja. Mtu huyu anahitaji nafasi ya kutosha na iliyo sawa, na sisi tumempa kizingiti.

Mjomba wangu alikuwa akipeleka nazi mjini kwa baiskeli kutoka kijiji kilicho mbele ya Mikindani. Siku moja ya mwezi wa Aprili, lori lilimpigia honi kwa nyuma wakati lori jingine likija kwa mbele, naye akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya, yaani akashuka lami. Gurudumu la mbele lilizama, baiskeli ikalala, na mzigo ukamwangukia begani. Alivunjika mfupa wa mtulinga. Lori lililopiga honi halikumgusa, na dereva wake, nina hakika, hakujua kwamba nyuma yake kuna mtu ameanguka. Walioshuka kumsaidia ni vijana wawili wa bodaboda, ambao walimfunga mkono kwa kanga ya mama mmoja aliyekuwa akisubiri gari kituoni.

Ninaieleza ajali ile kwa sababu haikuandikwa popote. Hakuna gari lililogonga, kwa hiyo hakuna aliyeitwa kupima barabara, na hakuna jalada lililofunguliwa. Hospitalini iliandikwa kuwa ameanguka. Idadi ya watu walioangushwa na ukingo bila kuguswa na chombo chochote haimo katika takwimu za ajali za mkoa wala za nchi, na kisichoandikwa hakipangiwi bajeti. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hesabu hiyo inatosha kuonyesha nani analipa gharama ya barabara zetu, lakini watu kama mjomba hawamo hata humo, maana hakufa. Amebaki na bega lisilonyooka na kazi aliyoiacha.

Inafaa pia kuuliza nani anauvunja ukingo wenyewe. Wahandisi wa barabara wana kanuni ya siku nyingi inayosema kwamba uharibifu wa lami huongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa maneno mepesi, ekseli ikibeba uzito maradufu, madhara yake kwa barabara hayawi mara mbili, huwa mara kumi na sita. Baiskeli ya nazi, kwa kipimo hicho, haiharibu kitu kinachoweza kupimika. Malori mawili makubwa yanapopishana, kila moja husogea nje mpaka matairi yake ya kushoto yanakanyaga ukingo usio na kitu cha kuuegemeza chini, na ukingo hukatika kipande baada ya kipande. Msimu wa korosho hufunguliwa Oktoba na minada huendelea wakati mvua zinaanza, kwa hiyo malori huwa mengi zaidi katika miezi ileile ambayo mchanga wa pembeni unachukuliwa na maji. Sisemi malori yaondoke. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa Waingereza wa kilimo cha karanga baada ya Vita Kuu ya Pili ilifungwa na kung'olewa miaka ya 1960, na mpaka ile inayopangwa kwenda Mbamba Bay ijengwe, mzigo mzito hauna mahali pengine pa kupita. Ninachosema ni kwamba anayeumizwa na uharibifu ni yule asiyeusababisha, na jambo hilo lingepaswa kutusumbua zaidi kuliko linavyotusumbua.

Husemwa mara kwa mara kwamba fedha za matengenezo hutoka kwenye tozo ya mafuta, na kwamba mwenye baiskeli hanunui mafuta. Hoja hiyo ina sura ya haki, lakini haisimami. Mfuko wa Barabara hugawa fedha hizo kwa Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS, unaosimamia barabara kuu na za mikoa, na kwa TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inayosimamia barabara za mijini na vijijini. Samaki anayetoka Mikindani na kuuzwa asubuhi katika mitaa ya Magomeni, na gunia la korosho linalotoka shambani hadi ghala la chama cha msingi cha ushirika, vyote vimekuwa vikisafiri hatua ya kwanza kwa baiskeli. Ushuru unaokusanywa baadaye juu ya korosho hiyo ulianza juu ya keria. Zaidi ya hapo, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaitambua baiskeli na kuiwekea masharti, na chombo kilichowekewa masharti na sheria hakiwezi kuambiwa kwamba barabara si yake.

Nafasi ipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga hifadhi ya barabara kuu ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Tumeshuhudia nyumba zikiwekewa alama ya X na watu wakihamishwa kwa ajili ya hifadhi hiyo. Ni vigumu kumweleza mzee aliyeondolewa kwenye mita ya 25 kwamba katika mita zote hizo zilizobaki wazi haikupatikana mita moja na nusu ya kusawazishwa kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe. Hata pasipokuwa na lami ya ziada, bega la barabara, yaani kipande cha pembeni mwa lami, la changarawe iliyoshindiliwa vizuri na kuinuliwa hadi kimo cha lami lingeondoa kizingiti, na kazi yenyewe ni ya majembe, toroli na mashine ndogo ya kushindilia, ambayo vikundi vya vijana na wanawake wa vijiji vilivyo kando ya barabara wanaweza kuifanya kwa mkataba kila mwaka. Kwenye miteremko na kona, kama ile ya kushukia Mikindani, changarawe haitadumu hata msimu mmoja na hapo lami ya bega ni lazima. Mahali kwingine tunaweza kubishana kuhusu gharama, lakini si hapo.

Jambo la pili ni mwendo. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa husogea mita 22 kila sekunde, na dereva aliyeshtuka hupoteza takriban sekunde nzima kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyohiyo humchukua mita 8 na kidogo. Nguvu ya mgongano nayo hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo gari la kilomita 50 kwa saa hugonga kwa nguvu karibu mara tatu ya lile la kilomita 30. Sheria yetu imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Mwezi Februari 2020, mataifa yaliyokutana Stockholm kujadili usalama barabarani yalikubaliana juu ya ukomo wa kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika, na sioni sababu kwa nini Mikindani, yenye nyumba zilizosogea mpaka karibu na barabara na watoto wanaovuka kwenda shule, isiwe mahali pa namna hiyo. Kibao peke yake hakitatosha, na sote tunajua hatima ya kibao kisicho na askari wala tuta.

Hata matuta, hata hivyo, yanahitaji kuangaliwa upya kwa jicho la mwenye baiskeli. Yale matuta madogo yanayofuatana, yanayowekwa kabla ya kijiji ili kumwamsha dereva, huvuka lami yote hadi ukingoni. Mwenye mzigo wa mayai au tenga la samaki hawezi kuyapita bila kuharibu bidhaa na spoku, kwa hiyo huchagua moja kati ya mawili: kushuka kwenye mchanga au kuhamia katikati ya barabara panapokuwa na unafuu. Yote mawili ni hatari iliyotengenezwa na kifaa cha usalama. Dawa yake ni kuacha upenyo wa mita moja pembeni usio na tuta. Najua bodaboda wataupita upenyo huo bila kupunguza mwendo, na hilo ni tatizo la kweli, ila kati ya bodaboda anayepita haraka na mchuuzi wa samaki anayelazimishwa kuingia mbele ya lori, najua kipi kinaua zaidi.

Mjini hali ni tofauti, na kwa namna fulani ni ya kusikitisha zaidi, kwa sababu Mtwara ni mji uliojaliwa nafasi. Waliouchora enzi za mradi wa karanga, kati ya mwaka 1947 na 1951, walitarajia watu wengi kuliko waliokuja, wakaacha njia pana ambazo miji mingine ya nchi hii inazililia. Shangani, Ligula, Chikongola na Majengo ziko karibu kiasi kwamba mtu anaweza kwenda kazini, sokoni, hospitalini na kurudi kwa baiskeli, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni tambarare. Kupitia Mradi wa Miji ya Kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, manispaa yetu, pamoja na miji mingine kama Tanga, Mbeya na Kigoma, ilipata lami mpya. Lakini lami mpya hukaribisha mwendo mpya, na mitaro mirefu ya mawe iliyojengwa pembeni, ambayo ni ya lazima kwa mvua zetu, imekuwa ukuta wa chini: mwenye baiskeli hana pa kukimbilia, na panapokosekana kifuniko usiku kuna shimo lisiloonekana.

Njia ya baiskeli iliyotengwa ingewezekana katika njia hizi pana, na ninaiunga mkono kwa sharti moja, kwamba tujifunze kutoka Dar es Salaam. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza huduma mwaka 2016, ilijengwa pamoja na njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, na yeyote aliyezipita ameona pikipiki zilivyozigeuza kuwa njia yao ya mkato na wachuuzi walivyozigeuza kuwa soko. Mstari wa rangi haulindi mtu. Nguzo fupi za zege zilizopangwa kwa nafasi inayoruhusu baiskeli yenye mzigo lakini si bajaji zingesaidia, na upana wa njia usipungue mita mbili, ili aliyebeba madumu aweze kupitwa na mwanafunzi bila mmoja kuingia mtaroni. Kuhusu mama lishe na mafundi waliokwisha kukaa kando ya barabara, wapangiwe mahali kabla ya ujenzi, kwani kuwafukuza baada ya ujenzi huwarudisha ndani ya wiki mbili, tena wakiwa na uchungu.

Wapo wanaosema kwamba yote haya ni kujenga kwa ajili ya chombo kinachokufa, kwa sababu kijana wa leo anataka pikipiki. Ni kweli kwamba pikipiki imechukua abiria. Hata neno bodaboda lenyewe lilizaliwa juu ya baiskeli, katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine kabla injini haijarithi jina hilo. Lakini bei ya mafuta ikipanda, kama ilivyopanda mwaka 2022, anayeweza kuendelea na safari bila kuuliza bei ni mwenye baiskeli. Mwanafunzi wa sekondari wa kata anayetembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi hatanunuliwa pikipiki. Na wanawake, ambao katika mkoa huu hubeba maji na kuni kichwani huku baiskeli ya nyumba ikiwa mikononi mwa mwanamume, wengi wao wameniambia jambo moja nilipowauliza kwa nini hawaendeshi: wanaogopa barabara. Aibu waliitaja wachache. Woga waliutaja karibu wote.

Wengine husema kwamba sisi si Uholanzi. Mwaka 1971 nchi hiyo, iliyokuwa imejaza magari mitaani, ilipoteza zaidi ya watu 3,000 barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kudai mauaji hayo yakome, na njia za baiskeli tunazoziona leo katika picha zilifuata baada ya madai yao. Hazikuota zenyewe.

Mwendesha baiskeli naye ana wajibu wake, ingawa sikubali uanze kutajwa kabla ya wajibu wa wenye barabara. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili jioni katika miezi ya Juni na Julai, na wachuuzi wengi hurudi nyumbani gizani bila taa. Baiskeli za zamani, Phoenix na Swala, nyingi zilikuwa na dainamo. Leo taa ndogo ya betri inaweza kufungwa nyuma ya keria, na kiakisi mwanga cha nyuma huwa kimefunikwa na mzigo, hivyo kihamishiwe juu ya mzigo wenyewe. Breki za nyuma zisizofanya kazi zimezoeleka kiasi kwamba mafundi huzitengeneza tu wakiombwa. Mafundi hawa, wanaokaa chini ya miembe na mikorosho kila kijiji, ni watu ambao halmashauri ingewatumia kabla ya kuita semina yoyote, kwa sababu kila baiskeli ya kata hupita mikononi mwao.

Mvua hukatika kati ya Aprili na Mei, na minada ya korosho huanza Oktoba. Katikati yake kuna miezi mitano ya ukavu ambayo ndiyo nafasi pekee ya kuuinua ukingo kabla malori na maji hayajarudi pamoja. Ombi langu kwa Baraza la Madiwani la Manispaa ya Mtwara-Mikindani na kwa ofisi za barabara za mkoa ni dogo kuliko mpango mkuu wowote: mwezi Juni, watembee kwa miguu kutoka Mikindani hadi kuingia mjini, wakiwa na rula na rangi nyeupe, wapime kimo cha ukingo kila mita mia, na kila panapozidi sentimita tano wapake alama. Wakifika mwisho watakuwa na orodha, na orodha hiyo inaweza kuingia kwenye mkataba wa matengenezo wa mwaka huohuo. Wakitaka mtu wa kuwaonyesha mahali pabaya zaidi, mjomba wangu bado anapakumbuka, na kutembea hakumshindi.